Kengele ya tangi: shajara ya klabu ya sayansi ya wasichana, Januari hadi Aprili

Wiki ya 1. Kabla ya kununua chochote

Klabu ina wasichana 24 wa kidato cha pili, shule ya kata ya kutwa mkoani Morogoro. Kidato cha pili kimechaguliwa kwa makusudi. Mwisho wa mwaka huo ndipo wengi wanapoaga fizikia na kemia wakielekea kidato cha tatu, na anayeiacha fizikia hapo ameshajifungia mlango wa PCM na PCB, yaani tahasusi za kidato cha tano za fizikia, kemia na hisabati au biolojia, pamoja na sehemu kubwa ya kozi za ufundi. Wengi wanaiacha kabla hawajashika kifaa chake hata kimoja. Wamekinakili ubaoni tu.

Kazi ya muhula ni kengele inayolia tangi la maji ya mvua likijaa. Tangi ni la lita 5,000, linakinga maji ya paa la madarasa mawili lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukiondoa sehemu moja ya tano inayorukia nje ya mfereji au kubaki kwenye bati, milimita 39 za mvua zinatosha kulijaza. Masika, mvua moja nzito ya usiku inaweza kufika hapo. Tangi likijaa lazima mtu ageuze kiwiko cha bomba ili maji yaende tangi la pili, lile la vyoo vya wasichana. Asipojua, maji yanamwagika uwanjani, na mvua ikikatika wiki moja ni wasichana wanaobeba ndoo kutoka kisimani. Wanachokitengeneza kitawaondolea mzigo walioubeba wenyewe.

Muda ni Jumatano, saa 8:30 mchana hadi saa 10:00 kamili alasiri. Ilipendekezwa saa 10:30 baada ya usafi, ikakataliwa: saa hizo msichana wa kutwa anatakiwa nyumbani kuteka maji na kuinjika chungu, na wengine wanatembea zaidi ya saa moja. Klabu ikigongana na kazi za jioni, anayeshindwa ni klabu. Barua kwa wazazi imetaja saa ya kuanza, saa ya kutoka na jina la mwalimu wa kike atakayekuwepo kila kipindi.

Kwa nini si kompyuta? Shule ina kompyuta tatu zinazofanya kazi. Kompyuta tatu kwa wanafunzi 24 maana yake wafanyao watatu na watazamaji 21, na tunajua watazamaji watakuwa akina nani. Transista (swichi ndogo inayokuza mkondo), rezista (kifaa kinachopunguza mkondo, hupimwa kwa omu) na betri zinaweza kumfikia kila mmoja mkononi. Programu itakuja baadaye, kwa mikono ambayo tayari imezoea waya.

Wiki ya 2. Makasha 12

Kila wasichana wawili wana kasha lao la plastiki lenye namba. Ndani yake: ubao wa majaribio wa matundu 400, transista tatu za BC547, rezista nne za omu 470, nne za kiloomu 10, mbili za kiloomu 100, taa nne nyekundu za LED, kengele moja ndogo ya volti 3 hadi 24, betri ya volti 9 na kishikio chake, nyaya 15 za kuunganishia, bisibisi ndogo na koleo ya kukatia. Mita za kupimia umeme ni 6, makasha mawili yanatumia moja. Transista zimenunuliwa 50 badala ya 36, na LED 70 badala ya 48, kwa sababu zitaungua, na mtoto anayeogopa kuunguza kifaa cha shule hataki kujaribu. Hilo limesemwa wazi siku ya kwanza: kuunguza transista hakuna adhabu wala malipo, ila sababu iandikwe kwenye daftari la hitilafu.

Mambo matatu yaliyojitokeza wakati wa kukagua vifaa kutoka Kariakoo:

Kengele 20 zilikuja za aina mbili zenye umbo moja. Aina moja ina saketi yake ndani, ukiigusisha betri inalia mfululizo. Nyingine inatoa "tik" moja na kunyamaza, kwa sababu inahitaji mkondo unaowaka na kuzimika kwa kasi. Zote zikaguswa betri moja moja, zikatengwa. Ukiruka hatua hii, msichana atakaa saa nzima akitafuta kosa kwenye saketi iliyo sahihi, na atahitimisha kwamba kosa ni lake.

Rezista zilikuja nusu za mistari minne, nusu za rangi ya buluu zenye mistari mitano. Ukiacha mstari wa mwisho, ambao ni wa kiwango cha usahihi, kiloomu 10 ya mistari minne ni kahawia, nyeusi, chungwa. Ya mistari mitano ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu. Kila kasha likapewa aina moja tu.

Transista za C1815 zilizong'olewa kwenye redio mbovu zimewekwa kando. Zinafanya kazi vizuri, lakini miguu yake haifuatani kama ya BC547. Ukiielekeza BC547 uso wake bapa kwako, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C1815 ni emita, kolekta, besi. Kuzichanganya kwenye kasha moja ni kumtegea mwanafunzi mtego. Na taa mbovu za kuokoa umeme hazitafunguliwa kabisa: zina zebaki, na kapasita yake, kifaa kinachohifadhi chaji, inaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Kwenye kabati la maabara, rafu ya chini, kuna pakiti za pedi na sabuni. Anayehitaji anachukua bila kuomba.

Wiki ya 3. LED, na kanuni ya mikono

Saketi ya kwanza: betri, rezista ya omu 470, LED. Mguu mrefu wa LED uelekee chanya. Hesabu kabla ya kuunganisha: LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 7, gawanya kwa 470, unapata miliampea 15. Makasha 9 yaliwaka mara ya kwanza. Mawili LED ziligeuzwa. Moja liliwaka kidogo mno, ikabidi wafunike kwa viganja ndipo waone. Mita ikasema kiloomu 47: njano, zambarau, chungwa ilikuwa imesomwa njano, zambarau, kahawia, na chumba kina dirisha upande mmoja tu. Mkondo ulikuwa miliampea 0.15. Tangu hapo kanuni ni kusoma rangi kwanza, kisha kupima kwa mita, ndipo kuchomeka.

Kanuni ya pili ni ya mikono, na ndiyo tunayoiona kuwa uti wa mgongo wa klabu nzima. Anayesaidia anaweka mikono nyuma. Anaruhusiwa kuuliza, kuelekeza kwa maneno, kusoma mchoro kwa sauti. Haruhusiwi kugusa ubao wa mwenzake. Inamhusu mwalimu kuliko mtu yeyote. Mwalimu mwenye huruma anapoona msichana anahangaika na waya, mkono wake unakwenda wenyewe: "Lete nikuoneshe." Sekunde tano, taa imewaka, na msichana amejifunza jambo moja tu, kwamba taa huwashwa na mwalimu. Kwa mikono nyuma kazi ile ile inachukua dakika sita. Dakika hizo sita ndizo somo.

Katika kila jozi mmoja anashika chombo, mwingine anasoma mchoro na kupima. Kila dakika 10 saa ya simu inalia, wanabadilishana, hata kama waya umefika nusu ya safari.

Maelezo yote ya klabu ni kwa Kiswahili. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo ukutani kuna karatasi ya maneno ya mtihani, linaongezwa neno pale tu kitu chake kimeshashikwa. Neno la ukinzani liliandikwa baada ya rezista kupimwa. Kinyume chake, neno kwanza na kitu baadaye au kamwe, ndicho kinachowafanya wengi waamini hawaelewi fizikia, kumbe hawajaelewa sentensi.

Wiki ya 4. Transista na ndoo

Saketi: chanya ya betri inakwenda kwenye waya wa kwanza wa majini. Waya wa pili unapita rezista ya kiloomu 10 hadi besi ya BC547. Emita inakwenda hasi. Kolekta inashika mguu hasi wa kengele, na mguu chanya wa kengele unakwenda chanya ya betri. Sambamba na kengele kuna LED na rezista yake ya omu 470. Waya zote mbili zikigusa maji, mkondo mdogo unapita majini hadi besi, transista inaukuza kama mara 200, kengele inalia.

Ndoo ina maji ya kisima. Kengele 10 kati ya 12 zililia siku hiyo. Makosa kutoka daftari la hitilafu, kama yalivyoandikwa na wanafunzi:

"Kasha 4: inalia hata bila maji. Besi na kolekta zimechomekwa mstari mmoja wa ubao."

"Kasha 7: hailii. Transista imegeuzwa, uso bapa uko nyuma. Tumeigeuza, inalia."

"Kasha 11: inalia ukibonyeza ubao. Mguu wa rezista ni mfupi, haufiki chini ya tundu."

Kosa la kasha 11 litarudi mara nyingi. Miguu isikatwe ifupike chini ya milimita 8 kwa kazi ya ubao.

Saketi ya kasha 2 imeachwa na waya zake ndooni hadi wiki ijayo. Kengele imechomolewa ili isisumbue, imebaki LED peke yake, na umeme unatoka kwenye betri sita kubwa za tochi zilizopangwa mfululizo, volti 9. Betri ndogo ya volti 9 isingefika mwisho wa wiki kwa mkondo huo.

Wiki ya 5. Waya ulioliwa

LED imezimika. Betri ni nzima. Waya wa upande wa hasi umetoka majini na rangi yake ile ile, umepakwa utando mweupe mwembamba. Wa upande wa chanya, shaba ya nusu milimita, umechongoka kama mwiba wa mchongoma, ncha imebaki chini ya ndoo ndani ya matope ya kijani, na maji yana rangi ya samawati hafifu ukiyatazama kwenye glasi mbele ya karatasi nyeupe.

Kipindi kizima kimetumika hapa, ingawa ratiba ilisema kulehemu, yaani kuunganisha vifaa kwa risasi inayoyeyushwa. Hii ni elektrolisisi ya kemia, ile ile wanayoichora kwa beseni na mishale, ila safari hii imekula kifaa chao. Walihesabu: mkondo wa karibu miliampea 0.7 kwa siku moja ni kulombu 60 za chaji, na kulombu 60 zinaweza kuyeyusha kama miligramu 20 za shaba. Sentimita 2 za waya huo zina uzito wa kama miligramu 35. Yaani siku mbili zilitosha. Msichana aliyekuwa akisema kemia haina kazi ndiye aliyeuliza kwa nini ni upande mmoja tu ulioliwa. Swali hilo likarudishwa kwa wote na mikono nyuma, na jibu likapatikana bila mwalimu: atomi za shaba zinapoteza elektroni upande wa chanya na kuingia majini kama ioni.

Uamuzi: shaba haitakaa tangini. Tutatumia boliti za chuma kisichoshika kutu, milimita 6. Uamuzi wa pili ni wa usalama: hakuna unganisho la risasi litakalogusa maji, kwa kuwa maji haya yananywewa.

Wiki ya 6. Wavulana wanaingia

Wavulana 12 wamejiunga kama ilivyopangwa. Wiki tano za wasichana peke yao zilikuwa za kujenga mazoea. Makundi yalikuwa 6 ya watu sita, kila moja wasichana wanne na wavulana wawili, na kwa makusudi saa ya kubadilishana haikuwashwa. Matokeo: kwenye makundi manne kati ya sita, wasichana walishika kalamu mwanzo hadi mwisho na wavulana walishika bisibisi. Hawa ni wasichana waliojenga kengele peke yao wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake, hakuna aliyesema neno baya. Mvulana alinyoosha mkono, msichana akasogeza kasha. Basi.

Matokeo yalioneshwa kwa wote, bila kumlaumu mtu. Mabadiliko yafuatayo yanaanza mara moja na hayatafutwa: jozi tu, kamwe si kundi la watu zaidi ya wawili kwa kasha moja, makasha yameongezwa kufika 18, saa ya dakika 10 inarudi, na mwandishi wa kumbukumbu ni yule yule aliyeshika chombo, ili kalamu isiwe kazi ya mtu fulani. Shule itakayokuwa na fedha kidogo ipunguze ugumu wa saketi, isipunguze idadi ya makasha.

Wiki ya 7 na 8. Kulehemu

Pasi sita za kulehemia za wati 40, umeme wa volti 230. Wanafunzi 12 wanalehemu huku 24 wakifanya hesabu na kukata vibao, kisha zamu inahama. Jumatano ya wiki ya 7 umeme ulikatika saa 9:05, kazi ikaishia hapo.

Kabla ya kuwasha: nywele zimefungwa, ncha za mtandio zimeingizwa ndani ya sweta, mikono ya shati imekunjwa maana poliesta inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Madirisha wazi. Moshi unaoonekana ni wa ulimbo ulio ndani ya waya wa risasi, unakereketa mapafu, kwa hiyo kichwa kisikae juu yake. Risasi yenyewe haiingii kwa moshi, inaingia kwa vidole. Hakuna karanga wala pipi mezani, na kila mtu ananawa kwa sabuni kabla ya kutoka.

Kila mwanafunzi amelehemu vituo 10, yaani miunganisho 10, kwenye kibao chakavu kabla ya kugusa kazi yenyewe. Namna: ncha ya pasi iguse kwa pamoja mguu wa kifaa na duara la shaba, hesabu moja, mbili, ndipo risasi iguswe upande wa pili wa mguu, si kwenye ncha ya pasi. Itayeyuka na kukimbia yenyewe kuzunguka mguu. Ondoa risasi kwanza, kisha pasi, usitikise. Jumla sekunde 3 hivi. Kituo kizuri kinang'aa na kina umbo la mlima mdogo wenye miteremko iliyobonyea, unaweza kuona mguu ukitokeza kileleni. Kibovu kimevimba kama tone la uji, kimefifia, na ukikisukuma kwa bisibisi mguu unacheza ndani yake. Hicho kimepata risasi bila joto. Kinachobanduka pamoja na duara lake la shaba kimepata joto kupita kiasi, na hakirekebishiki, sogea tundu la jirani.

Katika kazi hii wasichana wengi walitangulia mapema. Wanaosuka wana subira ya vidole.

Wiki ya 9. Kufunga tangini

Boliti mbili za urefu wa sentimita 5 zimepita kwenye kibao cha plastiki kilichokatwa kutoka bomba lililobapazwa kwa maji ya moto, umbali kati yake sentimita 3. Vichwa viko juu, waya umebanwa kwa nati bila kulehemu. Kibao kinaning'inia ndani ya tangi, ncha za boliti zikiwa sawa na mdomo wa bomba la kumwagia. Waya wa spika wa mita 25 unakwenda hadi ofisi ya walimu, saketi iko huko ndani ya boksi, na betri sita za tochi. Kuna swichi, kwa sababu tangi linaweza kukaa limejaa siku tatu na kengele inayolia siku tatu itang'olewa na mtu mwenye hasira. Jaribio kwa kikombe cha maji ya kisima kilichoinuliwa hadi kwenye boliti: inalia.

Wiki ya 10. Mvua imenyesha, kengele imekaa kimya

Usiku wa Jumatatu tangi lilijaa na kumwaga. Asubuhi LED ilikuwa inawaka kwa kujivuta, kengele haitoi sauti.

Sababu ni mbili, zimeshikana. Ya kwanza, maji ya mvua yakishaosha paa yana chumvi kidogo mno kuliko ya kisima, na kinachobeba mkondo majini ni ioni za hizo chumvi. Ya pili ni kosa letu la kupima: maji hayawezi kupanda juu ya bomba la kumwagia, kwa hiyo boliti ziliguswa milimita 3 tu za ncha. Mita ilisoma kiloomu 240 kati ya boliti, na namba ikaendelea kupanda kwa sababu mita yenyewe inapitisha mkondo na kubadili uso wa chuma. Usomaji wa sekunde ya tatu ndio ulioandikwa.

Wanafunzi walifanya hesabu ubaoni. Volti 9 kutoa 0.7 ya besi ni 8.3. Gawanya kwa kiloomu 250, yaani maji na rezista ya kiloomu 10: mikroampea 33. Zidisha kwa 200: miliampea 6.6. Kengele na LED kwa pamoja zinataka kama 35. Ilijieleza.

Suluhisho la kwanza limetoka kwa jozi ya kasha 9: shusha kibao sentimita 2. Imefanyika siku hiyo hiyo, ukinzani ukashuka hadi kiloomu 37, kengele ikalia. Lakini hesabu yake inatoa miliampea 35 kamili, bila akiba. Betri zikichoka kidogo tu, kimya kinarudi.

Wiki ya 11. Transista mbili, na umande

Suluhisho la pili ni kupandisha transista mbili, mpangilio wa Darlington: emita ya kwanza inaingia besi ya pili, kolekta zote mbili zinaungana. Ukuzaji unakuwa 200 mara 200, yaani kama 40,000. Kibao kipya kimelehemiwa kwa nusu saa, kikafungwa.

Kesho yake saa 12:30 asubuhi mlinzi alikuta kengele inalia na tangi limefika nusu. Umande ulikuwa umetanda chini ya kibao cha plastiki kati ya boliti, na ukuzaji wa 40,000 unasikia hata utando huo. Mita ilisoma zaidi ya megaomu 1.

Dawa yake ni rezista moja ya kiloomu 100 kutoka besi ya kwanza kwenda hasi. Inafanya kazi kama tundu chini ya ndoo: mkondo mdogo unavujia hapo, haufiki kwenye transista. Transista mbili zinahitaji kama volti 1.4 kuamka, na volti 1.4 kwenye kiloomu 100 ni mikroampea 14. Chochote kilicho chini ya hapo kinapotea. Umande wa megaomu 1 unaleta kama mikroampea 8, kimya. Maji ya mvua ya kiloomu 37 yanaleta zaidi ya 160, kengele inalia kwa nguvu. Tangu Ijumaa hakuna mlio wa uongo, na mvua ya Jumapili iliitwa sawasawa. Mlinzi aligeuza kiwiko, tangi la vyoo likapata maji.

Katika wiki zote, hii ndiyo tunayoishauri klabu nyingine isiikwepe. Kifaa kilichonunuliwa kikiwa tayari kingelia siku ya kwanza na kusahaulika siku ya pili. Kilichoshindwa mara tatu kwa sababu tatu tofauti kimewalazimisha kutumia sheria ya Omu, elektrolisisi na mvuke, na mara zote tatu wao ndio waliopata sababu.

Wiki ya 12. Mgeni na wazazi

Fundi wa kike anayetengeneza mashine za maabara za hospitali alialikwa. Hakuombwa hotuba. Aliletewa redio tatu mbovu, akafungua moja na kueleza kwa sauti anachofikiri kila anapopima, pamoja na mara mbili alizokosea. Redio mbili zilibaki kwa wanafunzi. Maswali yalikuja yenyewe: alisoma wapi, alipata alama gani, anabebaje mashine nzito, mume anasemaje.

Ukutani kuna majina matatu: Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, Profesa Julie Makani wa Muhimbili, mtafiti wa selimundu, Profesa Hulda Swai, aliyetafiti dawa kwa nanoteknolojia, yaani kwa chembe ndogo mno, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Majina peke yake hayatoshi. Chini ya kila jina kumeandikwa masomo ya sekondari ambayo kazi ya namna hiyo inayadai leo, na njia mbili za kufika: kupitia kidato cha tano, au kupitia chuo baada ya kidato cha nne.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi. Wasichana wawili waliweka ndoo mezani, wakaonesha. Mama mmoja akamuuliza binti yake, "Mwanangu, hiyo haitakupiga shoti?" Akajibu, "Hapana mama, ni betri za tochi tu," akaingiza vidole majini. Maswali mengine yalihusu saa ya kurudi, gharama, na kama fizikia itamshusha daraja. La mwisho lijibiwe kwa ukweli: inadai muda wa kusoma, na muda huo nyumbani hupatikana tu kazi za jioni zikigawanywa na kaka zake.

Wiki ya 14. Kabla ya likizo

Kengele ya pili imefungwa kwenye tangi la vyoo kwa mchoro ule ule. Makasha 18 yamehesabiwa: zimepotea LED 3, zimeungua transista 11 na LED 9. Mita moja imepasuka fyuzi, ilipimwa mkondo ikiwa imeunganishwa sambamba na betri, sababu imeandikwa.

Muhula ujao, jozi tatu zitaandaa kazi ya kupeleka kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania. Jozi moja inataka kulinganisha ukinzani wa maji ya mvua, kisima na bomba kwa wiki sita. Wapewe boliti zile zile na umbali ule ule, la sivyo namba hazitalinganishika.

Betri za kengele zote mbili zipimwe siku ya kufungua shule, kengele ikiwa inalia, maana bila mzigo betri iliyochoka nayo huonesha namba nzuri. Zikiwa chini ya volti 7 sauti haivuki ukuta wa ofisi. Zibadilishwe zote sita kwa pamoja, mpya zisichanganywe na kuukuu. Ufunguo wa boksi uko kwa msichana wa kasha 9.